Chungu cha Watu Arobaini: Maarifa kwa Mpishi Asiyezoea

Jioni moja mpwa wangu alinipigia simu. Bibi wa ukoo alikuwa amefariki, na kina mama waliozoea kupika kwenye shughuli walikuwa wamesafiri na maiti kwenda kuzika kijijini. Kesho yake mchana basi lingewarudisha waombolezaji wapatao 40. Kijana huyu, ambaye hadi siku ile alijua kukaanga mayai tu, ndiye aliyekabidhiwa jiko.

"Shikamoo, mjomba. Nimeamua kupika pilau. Nyama nitaichemsha usiku huu niiache kwenye sufuria, asubuhi kazi ipungue."

"Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba. Pilau iache, na nyama hiyo usiichemshe usiku."

Sikumkataza kwa kumdharau. Katika miaka ya mwanzo ya udaktari wangu niliwahi kupokea wodini watu waliotoka kwenye karamu. Nyama waliyokula ilipikwa jana yake jioni, ikalala katika sufuria kubwa iliyofunikwa, ikapashwa moto kidogo asubuhi na kupakuliwa mchana. Usiku wakashikwa na msokoto wa tumbo na kuharisha. Wengi walipata nafuu siku ya pili, lakini bibi mmoja mwenye kisukari alipoteza maji mengi hata figo zake zikadhurika, akalazwa wiki nzima. Mpishi wake hakukusudia ubaya. Hakujua tu jinsi sufuria kubwa inavyopoa.

Hatari iko wapi?

Sufuria ndogo ya nyumbani hupoa upesi. Sufuria ya lita 30 hukaa na uvuguvugu saa nyingi, na uvuguvugu huo, kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi, ndio bakteria wanaoupenda. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Nyama au mchuzi unapopoa polepole, mbegu hizo huamka na kuzaana. Mchele nao hubeba Bacillus cereus. Wali ukilala nje ya jokofu, bakteria huyu huweza kutoa sumu isiyoharibika hata wali ukipashwa moto tena.

Kwa hiyo mpishi asiyezoea na ajiulize kwanza: je, chakula hiki kinaweza kupikwa leo, kuiva chote na kuliwa kingali moto? Chakula cha namna hiyo humvumilia mpishi. Ugali wa watu 40 hutaka mkono wenye nguvu na uzoefu. Wali katika sufuria kubwa huungua chini huku juu ukiwa mbichi. Pilau hutaka vyote viwili, tena na nyama. Nikamshauri apike makande.

Makande ya watu 40

Mahitaji ni haya: mahindi makavu yaliyokobolewa kilo 4, maharage kilo 2, vitunguu kilo 1, nyanya kilo 2, karoti kilo 1 na nusu, mafuta ya kupikia nusu lita, na chumvi vijiko 10 vya chai vilivyosawazishwa. Chumvi hiyo ni robo kijiko kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na waombolezaji wengi ni wazee wenye shinikizo la damu.

Usiku, chagua mahindi na maharage punje kwa punje. Zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Osha, kisha loweka kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mwaga maji ya kuloweka na utie mengine safi.

Tumia sufuria mbili za wastani badala ya moja kubwa sana. Zitachemka upesi, na moja ikiungua, nyingine itakuokoa.

Ratiba hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kula. Ikiwa wageni watakula saa 7 mchana, bandika mahindi saa 3 asubuhi. Saa 4 ongeza maharage, uyaache yatokote kwa nguvu. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika. Mchemko mkali huivunja, lakini moto hafifu usiofikia kuchemka hauivunji. Ongeza maji ya moto kila yanapopungua, na koroga hadi chini. Saa 6 bonyeza punje chache kwa vidole: zikipondeka bila ukinzani, zimeiva. Kaanga vitunguu, nyanya na karoti pembeni, uungie, utie chumvi, kisha acha vichemke pamoja kwa dakika 20. Nazi iache safari hii. Huongeza mafuta, na chakula chenye tui huchacha upesi.

Mikono na maji

Mwenye kuharisha, kutapika au kidonda chenye usaha mkononi asiguse chakula cha watu, hata kama ndiye mpishi hodari kuliko wote. Apewe kazi ya kupanga viti. Wengine wote wanawe kwa sabuni kabla ya kuanza na kila watokapo chooni. Wageni nao wamiminiwe maji kwa jagi au wanawe kwenye ndoo yenye koki. Beseni moja la kunawia watu 40 hugawa uchafu wa mmoja kwa wote.

Kinachobaki kisirudishwe kwenye sufuria kubwa kilale. Kama kuna jokofu, kigawe katika vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, kiingie humo ndani ya saa 2. Siku ya pili kichemshwe hasa kabla ya kuliwa. Kama hakuna, wapelekee majirani kingali moto.

Kwa wagonjwa na kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ya kabla ya chakula asijidunge kwa kuahidiwa kwamba chakula "kinakaribia". Na asubiri sahani iwe mbele yake, kwa sababu chakula cha shughuli huchelewa, na sukari ikishuka hufika kabla ya sahani. Mpishi naye atangaze saa ya kula na kuitimiza. Mgonjwa wa figo aliyeshauriwa kupunguza maharage aseme mapema ili atengewe chakula kingine.

Nanyi wahudumu wenzangu, wagonjwa kadhaa waliokula pamoja wakija kwa mpigo, ulizeni walikula nini na saa ngapi. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 huelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula. Msokoto na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24 huelekeza kwenye nyama au mchuzi uliopoa polepole. Anzeni kurudisha maji mwilini kwa ORS, waangalieni zaidi wazee, watoto, wajawazito na wenye magonjwa sugu, na toeni taarifa kwa ofisi ya afya ya wilaya bila kungoja.

Siku ile basi lilichelewa kwa saa moja. Mpwa wangu alinipigia tena, sauti ikimtetemeka: afanye nini? Nikamwambia asiipue, apunguze moto, aongeze maji ya moto kidogo, makande yaendelee kutokota taratibu mpaka wageni wateremke. Kama ingekuwa pilau, nisingekuwa na jibu jepesi hivyo.

Jioni alinieleza kwamba sufuria moja ilishika chini kidogo, na kwamba mzee mmoja aliomba aongezewe, kisha akauliza ni mama yupi aliyepika. Keshoye nilipiga simu mimi, nikauliza kama kuna aliyeumwa tumbo usiku. Hapakuwa na hata mmoja.