Stima Ikipotea Kabianga

Aishiye Kabianga hana haja ya kuambiwa saa ya kupotea stima; aghalabu ni alasiri, baada ya jua la asubuhi kuinua mvuke na upepo wa Ziwa Victoria kuusukuma juu ya vilima vya chai, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati kwa kishindo hata waketio meza moja wasisikizane. Mkaratusi mmoja ulioangukia waya watosha kuitia giza kata nzima. Na lipo giza litokalo mbali, kama lile la tarehe 25 Agosti 2023, lililoifunika karibu Kenya yote, kisha likarejea Novemba na Desemba ya mwaka uo huo.

Basi atakaye umeme wa akiba asianzie dukani, bali kwenye hesabu. Taa tano za wati 9, televisheni ya wati 60, na wati 20 za intaneti na simu, jumla ni wati 125. Kwa saa nne za jioni ni wati-saa 500. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu, na inveta nayo hula takriban sehemu ya kumi, zikabaki kama 540. Zatosha, kwa taabu. Pasi na birika la umeme zisitajwe kabisa.

Nami niliwahi kujidanganya kwa betri ya gari, kwa kuwa ilikuwa rahisi, na miezi michache baadaye ikawa kama jiwe la kuegemezea mlango. Betri ya namna hiyo imeundwa itoe nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwashia injini, kisha ijazwe papo hapo. Kuinyonya polepole kila usiku ni kuiua. Ya lithiamu huvumilia kutumiwa hata asilimia 80, na ijapokuwa bei yake huumiza, rai yangu ni kwamba mwenye uwezo aistahimili.

Ama sola, sisi tu nusu ya digrii tu kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa, ikiinamishwa kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Lakini mvua iondoayo stima ndiyo iondoayo jua. Kwa hiyo hesabu saa za asubuhi peke yake, na uchague inveta inayojaza betri kwa stima pia, maadamu ipo.

Jenereta namwachia mwenye friji la maziwa ya kuuza. Ajue ya kuwa huku juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake, ilhali friji liwakapo hudai mara kadhaa ya wati zilizoandikwa ubavuni mwake. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, basi isiwashwe asilani jikoni wala chini ya dirisha. Wala isichomekwe kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kuitenga nyumba na laini ya nje, kwani umeme wake utarudi hadi kwenye transfoma, upandishwe kufikia volti 11,000, umfikie fundi aliye juu ya nguzo, amelowa, akiamini waya aliyoishika haina kitu.