Mapacha: Kisu au Njia ya Kawaida?

Baada ya sala ya Ijumaa hapa Makambako, ndugu mmoja alinivuta kando. Mkewe ana mimba ya mapacha. Mama mkwe anasema pacha hawazaliwi salama ila kwa kisu. Shangazi anasema kisu ni aibu. Yeye ni dereva wa masafa marefu, leo yupo, kesho yuko Tunduma. Akauliza: nimsikilize nani?

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wajawazito wa mapacha 2,804 katika nchi 25, ambao mtoto wa kwanza alikuwa ametanguliza kichwa. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu njia ya kawaida. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la upasuaji na 1.9 katika lile la kawaida. Tofauti isiyo na uzito. Basi mama mkwe hakupatia. Shangazi naye hakupatia: katika waliopangiwa njia ya kawaida, takriban 44 kati ya kila 100 waliishia kupasuliwa.

Mara nyingi Kulwa hutoka vyema, na hatari humkabili Doto: aweza kugeuka, kitovu kikatangulia, au kondo likabanduka kabla hajatoka. Ndiyo maana mapacha wazaliwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Na wanaoshiriki mfuko mmoja wa maji, au Kulwa akiwa amelala kingamo, hupangiwa upasuaji. Kipimo cha ultrasaundi cha mapema ndicho hubainisha hali hizo.

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, wengi wakiwa wadogo, na baridi yetu ya Juni na Julai haina huruma. Utafiti wa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania na nchi nyingine nne, ulionyesha kuwa kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8 kulipunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua.

Kisharia, kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya dini. Asipopatikana daktari mwanamke, dharura humruhusu mwanamume. Wala haifai mama acheleweshwe mezani kwa kuwa mume hapatikani kwa simu.

Nilimwambia ndugu yangu: kabla hujawasha gari, mruhusu mkeo mbele ya wazee wote wawili akubali lolote la kitabibu litakalolazimu. Acha nauli, na tafuta watu wa kuchangia damu. Kila pacha ana akika yake, lakini akika ni suna na yaweza kusubiri; damu haisubiri.

Allah awajaalie wazazi wetu wepesi, na watoto wao siha. Wallahu a'lam.