Bwana Matsushita na Ada za Kampuni Yake

Nani katika sisi watu wa pwani asiyeikumbuka redio ya National, iliyokuwa ikikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, isiguswe ila na mwenye nyumba? Betri za National zilitengenezwa hapa jirani, Dar es Salaam. Lakini ni wachache waliouliza mwenye kampuni hiyo alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa Konosuke Matsushita, Mjapani aliyetolewa shuleni akiwa na miaka 9 kwa sababu ya ufukara, akapelekwa Osaka kuwa mtoto wa kazi dukani. Mwaka 1918 alifungua karakana yake pamoja na mkewe na shemeji yake, wakitengeneza soketi za taa.

Mtihani mkubwa ulimfika mwishoni mwa 1929. Biashara ya dunia iliporomoka, bohari zikajaa mali isiyo na mnunuzi, na mwenyewe yu mgonjwa kitandani. Wasaidizi wake wakamwendea na shauri ambalo matajiri wengi wangelikubali: nusu ya wafanyakazi waachishwe. Akakataa. Akaamuru viwanda vifanye kazi nusu ya siku, ujira ulipwe kamili, na wakati uliobaki watu watoke wakauze mali. Baada ya miezi michache bohari zikawa tupu.

Liangalie vizuri jambo hili, msomaji. Zile kanuni saba za kampuni zilizosifiwa sana zilikuwa hazijaandikwa bado. Zilianza mwaka 1933, tano, kisha zikatimia saba, miongoni mwao uadilifu, ushirikiano, adabu na shukrani. Zikawa zikisomwa kwa pamoja kila asubuhi kabla ya kazi. Wageni waliozuru viwanda vya Japani walirudi makwao na habari za kisomo hicho wakidhani ndicho siri yenyewe. Mimi naona kisomo kilikuwa na uzito kwa kuwa wasomaji wake walikwisha kumwona bwana wao akikubali hasara kwa ajili yao. Hapa kwetu tunazijua ofisi zilizotundika neno "uaminifu" ndani ya fremu ya kioo, na chini yake karani angali akingoja mshahara wa mwezi juzi. Sisi tuliofunzwa chuoni kwamba kibarua hulipwa kabla jasho lake halijakauka hatuna haja ya kusoma fremu ile.

Julai 1964 mauzo yalianguka, Matsushita akawaita mawakala wake mjini Atami. Walimlaumu kwa siku tatu. Mwanzoni alibishana nao, lakini siku ya mwisho alikiri kwamba kosa ni la kampuni, akaomba radhi, machozi yakimtoka. Kisha, mwenyekiti mzima wa miaka 69, akarudi kushika mwenyewe idara ya mauzo.

Alifariki Aprili 1989, umri wake miaka 94. Mwaka 2001 kampuni ilipata hasara kubwa, na uongozi mpya chini ya Kunio Nakamura ukawataka wafanyakazi wajitolee kuondoka kwa malipo maalumu. Waliondoka kama 13,000. Huenda hapakuwa na njia nyingine, kwani soko la 2001 si lile la 1929, na kampuni ilirudi kupata faida. Kanuni saba zilikuwa zingali palepale, hata neno moja halikufutwa.