Rangi Inayokula Ndege

Tone moja la thina likidondoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, povu hunywea papo hapo. Shimo hutokea, na kingo zake hubaki zinanata. Balaa hilo huwakuta watu wengi wanaounda ndege ndogo za rimoti. Bawa lililochongwa na kupigwa msasa kwa uangalifu huharibika ndani ya dakika chache, kwa sababu tu ya kopo la kupuliza lililonunuliwa kwa uzuri wa rangi yake.

Kinacholiharibu ni kimiminika kilichobeba rangi. Povu hilo ni polistireni, na zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake ni hewa. Plastiki yenyewe ni kuta nyembamba mno zilizoifungia hewa hiyo. Ndani ya kuta hizo molekuli ndefu zimesokotana, na asetoni, toluini, zailini au hata petroli hupenya katikati yake na kuziachanisha. Plastiki huyeyuka kama sukari kwenye chai, hewa hutoroka, na umbo lote huanguka. Maji hayawezi kufanya hivyo.

Kwa hiyo rangi ya maji, ile ile ya ukutani, ndiyo salama zaidi, pamoja na rangi za akriliki za wachoraji. Rangi ya mafuta inayochanganywa na thina iachwe kwa milango na madirisha. Makopo ya kupuliza yanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mengi hubeba viyeyushi, na baadhi ya gesi zinazosukuma rangi nje, kama dimethili etha, nazo hushambulia polistireni. Wapo wanaotanguliza mkono mmoja wa vanishi ya maji ili iwe kinga. Njia hiyo husaidia, lakini kitundu kidogo kama ncha ya sindano kinatosha kupitisha kiyeyushi, na povu likaliwa chini ya rangi inayoonekana nzima.

Mapovu yenyewe hayafanani. EPS, lile la chembe nyeupe, humeguka na kupukutika. Nalo ni dhaifu sana mbele ya viyeyushi. Depron, karatasi laini za polistireni zilizouzwa Ulaya kama kizuia baridi cha kuta na sakafu kabla ya kupendwa na waunda ndege, huyeyuka vilevile. EPP ni polipropilini: ukiikunja hurudi, na haiyeyuki kirahisi, ila rangi haiishiki vizuri, hivyo hupasuka na kubanduka kila bawa linapopinda. Ndiyo sababu ndege nyingi za EPP hupambwa kwa utepe wa rangi. EPO, inayotumika katika ndege nyingi za dukani, huvumilia zaidi, lakini uvumilivu huo hautoshi kumfanya mtu aruke jaribio: apake rangi kwenye kipande kilichobaki, au mahali pa siri ndani ya ndege, asubiri hadi kesho yake, kisha aguse.

Baada ya hapo huja suala la uzito, na hapo wengi hupumbazwa na hamu ya kuona ndege inang'aa. Hata wahandisi wa vyombo vya anga za juu walilipigia hesabu. Tangi kubwa la nje la vyombo vya Space Shuttle vya Marekani lilifunikwa kwa povu, na katika safari mbili za kwanza, mwaka 1981, lilipakwa rangi nyeupe. Kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, liliachwa na rangi yake ya kahawia-machungwa, na takriban kilo 270 zikaokolewa.

Kwenye ndege ya nusu kilo, mikono miwili ya rangi nzito ya ukutani inaweza kuongeza makumi ya gramu. Ni heri kuipunguza makali kwa maji kidogo na kuipitisha kwa sponji, mkono mwembamba tu. Mkiani hasa pasipakwe sana. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, kwa hiyo gramu moja ya huko hudai gramu kadhaa puani ili ndege isawazike.

Jua nalo lina neno lake. Rangi nyeusi au bluu iliyokolea hufyonza joto, na bawa jembamba likiachwa juani adhuhuri huweza kupinda. Rangi nyepesi zinafaa kwa sehemu kubwa ya mwili. Hata hivyo ndege nyeupe tupu hupotea kirahisi kwenye mawingu, na rubani aliye chini asipojua tumbo ni lipi na mgongo ni upi, huiongoza kinyume. Mistari mipana michache chini ya bawa, yenye rangi tofauti kabisa na ya juu, hutosha kumwonyesha, na haiongezi uzito wa kuhesabika.