Neno Linalotangulia Risasi

Juzi nilipanda matatu mjini Thika nikielekea Ruiru. Njiani tulisimamishwa na askari wawili waliobeba bunduki. Mmoja wao alimtazama utingo aliyekuwa akining'inia mlangoni, akamwamrisha, "Wewe, toka!" Kijana akashuka, akageuka na kushika njia kwenda zake kwa haraka. Mkono wa askari ukaenda kwenye bunduki. Ndani ya gari hapakuwa na aliyethubutu kukohoa. Aliyeokoa jahazi ni yule askari wa pili, mtu wa makamo: "Kijana, rudi. Simama hapo niione mikono yako." Mambo yakaishia hapo.

Utingo yule hakuwa mkaidi. Katika Kiswahili, "toka" ni kuja nje, na pia ni amri ya kumfukuza mtu. Askari alikusudia maana ya kwanza. Kijana akashika ya pili. Mimi husomesha isimu, na utata wa maneno ni somo la kawaida darasani mwangu. Siku hiyo niliuona ukikaribia kumwaga damu.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa anayekusudia kutumia bunduki ajitambulishe kwanza, atoe onyo lililo wazi, kisha ampe mtu muda wa kulitii. Limeweka pia nafasi ya dharura, ambapo onyo lingehatarisha maisha au lisingefaa kitu. Kikosi cha Recce cha GSU, ambacho kambi yake iko papa hapa Ruiru, kilipoingia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, kiliwakabili magaidi waliokuwa wakiua wanafunzi. Watu 148 waliangamia siku hiyo. Hakuna mwenye akili timamu atakayedai hotuba mahali kama pale. Lakini kizuizi cha barabarani si Garissa.

Wenzetu wa Uingereza, ambao ndio walioasisi polisi wetu enzi za ukoloni, wengi wa askari wao hawabebi bunduki. Wachache wanaobeba hupewa mafunzo ya pekee na kupimwa mara kwa mara. Hata hivyo, tarehe 22 Julai 2005, polisi wa London walimwua kwa risasi Jean Charles de Menezes, raia wa Brazil asiye na hatia, ndani ya treni katika kituo cha Stockwell, wakimdhania kuwa mlipuaji. Katika uchunguzi wa kifo hicho mwaka 2008, jopo la raia liliulizwa iwapo afisa alipaza sauti kumjulisha kwamba wao ni polisi wenye silaha. Afisa alisema ndiyo. Jopo likajibu la.

Ndipo ninapouliza: kuruta wa Kiganjo, anayefunzwa kulenga shabaha, hufunzwa pia kulenga neno? Thika na Ruiru ni miji ya viwanda na vyuo. Humo mna mgeni ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, mna kiziwi, mna mtoto. Onyo lisiloeleweka si onyo. Ni kelele tu.

Maoni yangu ni kwamba polisi wote wawe na tamko moja fupi, lisilo na utata, linalokaririwa kwenye mazoezi hadi liwe mazoea: "Polisi! Simama! Inua mikono, la sivyo nitapiga risasi!" Humo mna msemaji, mna amri, mna tokeo. Nasi walimu tuwasomeshe vijana wetu tamko hilo pamoja na sheria inayolidai, ili wajue la kutii na la kudai.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Neno baya laweza kuombewa radhi na kusahihishwa. Risasi ikishatoka, haina msahihishaji.