Fahamu: Dang'a hufanya nini mwilini mwa ndama?

Dang'a ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito na ya manjano. Wafugaji wengi wa Nyeri wanajua humkinga ndama na maradhi. Kazi yake nyingine haisemwi sana: huamsha utumbo na homoni.

Kinga

Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, kwani kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Utumbo wake huzifyonza zikiwa nzima kwa saa chache tu. Baada ya takriban saa 24, basi.

Sukari na homoni

Ndama huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta na sukari, na baridi ya Kieni mwezi Julai huimaliza upesi. Dang'a humpa mafuta ya kuchoma ili apate joto. Pia ina insulini na homoni ya ukuaji, IGF-1, kwa wingi kuliko maziwa ya kawaida. Homoni hizo hufanya kazi zaidi utumboni kuliko kwenye damu: ukuta wa utumbo hukua na glukosi hufyonzwa vizuri. Sukari ikipanda, kongosho la ndama lenyewe hutoa insulini.

Kiasi gani?

Asilimia 10 ya uzito. Ndama wa Friesian wa kilo 40 anahitaji lita 4, aanze kunywa ndani ya saa mbili. Iliyopoa ipashwe kwenye maji ya vuguvugu. Ikichemshwa huganda kama yai na kingamwili huharibika. Kuiuza si hoja: vituo vya maziwa haviipokei.