Ukiona vyaelea, vimeundwa: Jinsi tulivyofufua Mercedes ya mzee

NI nadra kupita katika mitaa ya Nairobi, iwe Buruburu, Umoja au South C, bila kuona gari kuukuu lililofunikwa turubali kando ya lango. Magurudumu yamekwisha upepo, nyasi zimeota chini yake na paka wameifanya boneti kuwa kitanda chao. Ukiuliza utajibiwa, "Hilo ni la mzee. Tutalitengeneza siku moja." Aghalabu siku hiyo huwa haiji.

Letu lilikuwa Mercedes-Benz 230E ya mwaka wa 1983, rangi ya maziwa. Baba, ambaye ni karani mstaafu, alilinunua kwa mtu mwingine mwaka wa 1996 baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka majirani walivyofika kumpa mkono kana kwamba amejaliwa kifungua mimba. Katika Afrika Mashariki, wakubwa wa serikali na matajiri waliitwa "wabenzi", utadhani ni kabila lao peke yao, kwa sababu ya gari hilo. Baba hakuwa mbenzi wa aina hiyo. Mshahara ulibaki ule ule, na sukuma wiki mezani ikabaki ile ile.

Mwaka wa 2012 gari lilizimika langoni na halikuwaka tena. Karo ilikuwa inadaiwa, pesa za fundi hazikupatikana, na turubali likafunikwa. Miaka kumi ikapita. Katika muda huo baba alishikwa na ugonjwa wa presha ya macho, na nuru ikampungua hadi akawa anatambua watu kwa sauti.

Mnamo 2022 kitinda mimba wetu alipata nafasi ya chuo kikuu. Wiki hiyo hiyo mnunuzi wa vyuma vikuukuu akabisha lango na kutaja bei yake.

"Mwuzie," baba akasema. "Chuma hakisomi. Mtoto ndiye anayesoma."

"Baba, nipe muda," nikamwomba. "Karo ya muhula wa kwanza nitalipa mimi."

Mama, aliyekuwa akianika nguo, hakugeuka. "Haya," akasema. "Lakini likifika Krismasi ya mwaka ujao bado limelala hapo, nataka nafasi ya kamba yangu."

Hivyo ndivyo mwandishi wa makala haya, ambaye hadi siku hiyo alijua kubadilisha gurudumu tu, alivyogeuka fundi wa mwisho wa wiki.

Gari lenyewe

Wanaolijua gari hili huliita W123, ambayo ni nambari ya mtindo wake kiwandani. Lilizinduliwa Januari 1976, na kabla ya kukoma kutengenezwa miaka kumi baadaye, magari karibu milioni 2.7 ya aina hiyo yalikuwa yameundwa. Kule Ujerumani halikuwa gari la matajiri pekee. Lilikuwa pia teksi ya kawaida, na sifa za teksi hizo ni kubwa. Dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha 240D ya mwaka wa 1976, ya mtindo uliotangulia huu wetu, hadi ikatimiza kilomita milioni 4.6. Mwaka wa 2004 gari lake likachukuliwa na jumba la makumbusho la Mercedes. Ni kweli kwamba alikuwa akibadilisha injini, lakini hapo ndipo penye funzo: gari hudumu kwa sababu ya matunzo.

Jambo la pili linalompa moyo mtu wa nyumbani ni kwamba gari hili halina kompyuta ya kuamua injini inywe petroli kiasi gani. Mfumo wa petroli wa 230E, uitwao K-Jetronic, hufanya kazi kwa nguvu za hewa na mgandamizo. Hewa inayovutwa na injini huinua kisahani, kisahani huinua pini, na pini huruhusu petroli kufika kwa kila silinda kwa kadiri ya hewa hiyo. Mtu mwenye spana, taa na subira anaweza kuufahamu.

Tafuta kutu kwanza

Kosa la wengi ni kukimbilia injini. Injini hununuliwa, bodi iliyooza haina dawa rahisi. Jumamosi ya kwanza nilichukua bisibisi na kugongagonga polepole chini ya gari. Mahali pa kuangalia katika Mercedes za umri huu panajulikana: chini ya betri, pembeni mwa taa za mbele, juu ya magurudumu, pale jeki inapoingia, na ndani ya buti panapolazwa gurudumu la akiba.

Chanzo chake ni maji yaliyokosa njia. Gari lina vitundu vya kutolea maji ya mvua chini ya milango na karibu na kioo cha mbele. Majani yakiviziba, maji hukaa na chuma huanza kuliwa kutoka ndani, huku nje rangi ikimetameta. Nilizibua vitundu hivyo kwa waya laini kabla ya jambo lingine lolote.

Hapo ndipo nilipokosea pia. Nilimpa fundi mmoja kazi ya kutengeneza sehemu iliyo juu ya gurudumu la nyuma. Alimaliza kwa siku moja, rangi ikang'aa, nami nikamlipa kwa furaha. Mvua za masika zilipokwisha, rangi ilifura kama andazi. Hakuwa amekata kutu. Aliijaza pati na kupaka rangi juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilijenga ukuta huo mara mbili. Fundi wa pili alikata chuma kibovu hadi akafikia kizima, akachomelea bamba jipya, akapaka dawa ya kutu ndani na nje, ndipo akaja kwenye rangi. Msomaji, kabla ya kulipa, omba uonyeshwe chuma kikiwa uchi.

Breki kabla ya injini

"Gari lisilowaka halijaua mtu," baba aliniambia akiwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni. "Lisilosimama ndilo linaloua."

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na ndiyo maana hupaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yetu yalikuwa na miaka kumi na meusi kama kahawa. Unyevu huo huleta kutu ndani ya pistoni za breki, na mafuta yakipata moto mkali maji hugeuka mvuke, ukikanyaga pedeli inazama. Tulibadilisha mipira yote ya breki, pedi, na mafuta. Kwa sababu breki ni uhai, kazi hiyo niliifanya pamoja na fundi mwenye ujuzi. Pedi za zamani zaweza kuwa na asbesto, kwa hivyo vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Lowesha kwa maji, pangusa, kisha tupa kitambaa.

Na usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Cha kushikilia ni stendi za chuma zilizokaa juu ya sakafu ngumu. Mawe ya kujengea hupasuka bila kuonya.

Magurudumu nayo yalikuwa na kashata nzuri kabisa, lakini tarehe ndiyo iliyatoa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Yetu yalisomeka 1409, yaani wiki ya 14 ya mwaka wa 2009. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogo ndogo. Tuliyatupa.

Kuamsha injini

Injini iliyolala miaka kumi haiamshwi kwa ufunguo. Nilitoa plagi zote nne, nikadondosha oili kidogo katika kila silinda na kuiacha usiku kucha. Siku iliyofuata nilizungusha injini kwa mkono, kwa spana, polepole. Ilipokubali mzunguko mzima bila kukwama, nilikimbia ndani kumweleza mama, naye akaniuliza kama nimenawa mikono.

Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu ya rangi. Tuliimwaga yote kwenye mitungi, tukaosha tangi, tukabadilisha pampu na chujio lililoko nyuma chini ya gari. Kazi hii ifanywe nje, betri ikiwa imefunguliwa, bila sigara wala jiko karibu. Oili chafu tuliipeleka gereji. Ukiimwaga kwenye mtaro, inaishia mtoni. Maji ya rejeta yenye dawa yasiachwe kwenye beseni pia, kwa maana ni matamu na ni sumu kwa watoto na mbwa.

Vipuri vingi tulivipata barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan. Huko utapata kipuri halisi, cha kuiga, na kilichotolewa katika gari lililovunjwa, vyote katika duka moja. Beba kile cha zamani mkononi ulinganishe, na uwe umeandika nambari iliyochapwa juu yake. Kwa vile vilivyoadimika, kampuni yenyewe ina kituo cha magari ya kale huko Fellbach, karibu na Stuttgart, kilichofunguliwa mwaka wa 1993, na bado hutoa vipuri vya magari yaliyokoma kutengenezwa.

Siku ya kuwasha, injini ilikohoa, ikanguruma, ikatikisika. Nikafurahi. Baba akainua kidole.

"Moja haifanyi kazi. Sikiliza. Tatu zinaimba, moja inanyamaza."

Niling'oa waya wa plagi moja baada ya nyingine, injini ikiwa imezimwa kila mara kabla ya kugusa. Wa tatu ulikuwa umekatika ndani, ingawa kwa nje ulionekana mpya. Mimi mwenye macho mawili sikuwa nimeuona.

Kuanzia siku hiyo mzee hakuwa mtazamaji tena. Alikuwa mwalimu. Nikitaka kujua bolti imekaza, alishika spana kwa mkono wake. Alipotaka kujua kama kutu imekwisha, alipapasa bamba kwa vidole. Mama alisema hakuwa amemsikia akizungumza kiasi hicho tangu macho yalipoanza kumsumbua.

Hesabu ya daftari

Sitamdanganya msomaji kwamba kazi hii ni rahisi kwa mfuko. Nilikuwa na daftari la shule ambamo niliandika kila shilingi, na ukweli ni kwamba pesa tulizotumia zinazidi bei ambayo gari hilo lingeuzwa leo. Anayetaka faida atafute biashara nyingine. Mara mbili kazi ilisimama miezi mitatu kwa sababu karo ilikuja kwanza, kama nilivyoahidi. Krismasi ya mama ilifika na kupita, naye akanyamaza tu, akafunga kamba yake kwenye mti wa mwembe.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Hakikisha kitabu cha umiliki kipo na jina ni sahihi kabla ya kununua hata msumari. Uliza mapema kuhusu bima, kwani bila bima ya watu wengine sheria haikuruhusu kutia gari barabarani. Panga kazi kwa zamu: kutu, breki, petroli, injini, umeme, na mwisho kabisa viti na rangi. Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua, na tia bolti za kila sehemu katika mkebe wake wenye jina.

Siku yenyewe

Lililobaki mwisho lilikuwa jambo dogo. Gari hili hufunga milango kwa nguvu ya kufyonza hewa, si kwa umeme. Ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, hewa hupita katika mipira myembamba na kufunga mingine. Mipira yetu ilikuwa imekauka ikavuja, na nilipendekeza tuiache.

"Malizia," baba akasema.

Ilinichukua Jumamosi tatu kutafuta palipovuja, nikifyonza mpira mmoja baada ya mwingine kwa mdomo hadi nikapata ule usioshika.

Jumapili moja ya Machi 2024 tulizunguka mtaa, baba akiwa mbele kando yangu, mama na mwanafunzi wetu nyuma. Hatukwenda mbali. Tuliporudi, baba aliomba ufunguo. Alizunguka gari akishika boneti kwa kiganja, akapapasa mlango wa dereva mpaka akapata tundu, akazungusha. Milango mingine mitatu ikaitika pamoja, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi.

Akasimama hapo. Kisha akafungua, akafunga tena, asikie.

"Ni lenyewe," akasema.

Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kama kwenu kuna gari lililofunikwa turubali, si lazima mlifufue. Pengine hesabu itakataa, na hapo si aibu kuliuza. Lakini kabla mnunuzi wa vyuma hajabisha lango, mketishe mwenyewe kando yake siku moja na umwulize lilivyokuwa likilia. Huenda bado anakumbuka.